Chura anayeruka bila kujua atatua vipi

Anatosha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, na rangi yake ni ya boga lililoiva. Anajikunyata, anajisukuma kwa miguu ya nyuma, anapaa vizuri kama chura yeyote. Hewani ndipo mambo yanapoharibika. Mwili unaanza kuzunguka, tumbo linatazama juu, miguu imetanuka na kukakamaa kama ya mwanasesere aliyerushwa. Anatua kwa mgongo, au kwa ubavu, au kwa utosi. Anadunda, anabiringika, analala chali. Baada ya kitambo anajigeuza na kukaa sawa. Akishtuliwa anaruka tena, na anaanguka tena vilevile.

Hawa ni vyura wa jenasi ya Brachycephalus, wakazi wa msitu wa Atlantiki wa Brazili, unaofuata pwani ya nchi hiyo na milima iliyo karibu nayo. Wanaishi chini kabisa, kwenye majani makavu yaliyorundikana na kulowa umande. Wa kwanza kuandikwa kisayansi, Brachycephalus ephippium, alielezwa na Mjerumani Johann Baptist von Spix mwaka 1824. Kwa hiyo wamejulikana kwa karibu miaka 200. Lakini swali la kwa nini wanaanguka hivyo lilipata jibu lenye uzito Juni 2022 tu, katika jarida la Science Advances, kwenye utafiti ulioongozwa na Richard Essner wa Southern Illinois University Edwardsville akishirikiana na Wabrazili, akiwemo Marcio Pie, na wataalamu wa makumbusho ya Florida, David Blackburn na Edward Stanley. Nitaviita viumbe hivi vyura-boga.

Mimi ni mwalimu wa baolojia, na nilipoona video zao mara ya kwanza nilikuwa na hakika ya jibu kabla sijasoma neno lolote. Nilisema: jeni. Kuna jeni imeharibika, sikio la ndani halikujengeka sawasawa, basi. Nilikuwa na sababu ya kufikiri hivyo, na nitaieleza. Lakini nilikosea, na nimekiandika kisa hiki kwa sababu kosa hilo tunalifanya wengi: tukiona kiumbe kinashindwa jambo, tunatafuta kilichovunjika.

Tuanze na washukiwa wengine, maana sikio si la kwanza kumjia mtu akilini. La kwanza ni miguu. Vyura-boga wana vidole vichache na vifupi. Kadiri ukoo wao ulivyozidi kuwa mdogo, baadhi ya vidole vilibaki vinundu tu. Mtu anaweza kusema basi hawana cha kutulia. Hoja hiyo inaanguka kwa jambo moja: kosa linaanza kabla ya kugusa ardhi. Mguu mbovu ungemfanya aruke vibaya au atue vibaya, lakini katikati ya hewa mguu haugusi kitu. Na kuruka kwenyewe, ile sekunde ya kuondoka, kuko sawa.

Hapa uzoefu wa Essner ulisaidia. Miaka 12 kabla, mwaka 2010, alikuwa amechapisha pamoja na wenzake utafiti juu ya vyura wa koo za kale, Ascaphus wa Amerika Kaskazini na Leiopelma wa New Zealand. Hao nao hutua vibaya: wanaangukia tumbo kwa kishindo, kwa sababu hawakunji miguu mapema kuiweka tayari. Lakini mwili wao hewani umenyooka. Hauzunguki. Chura wa kale anajua yuko wapi, ila hana mbinu ya kutua. Ukimweka kando ya chura-boga unaona mara moja kwamba kutua vibaya ni kosa moja na kubiringika angani ni kosa jingine kabisa, na aliyezoea kutazama la kwanza ndiye aliyeweza kulitambua la pili.

Chura wa kawaida anafanya kazi kubwa akiwa hewani bila sisi kuiona. Yule chura mkubwa wa Amerika aliyesambazwa kwenye mashamba ya miwa, Rhinella marina, hunyoosha mikono mbele na kukaza misuli kabla ya kufika chini, na hupima muda huo kulingana na umbali wa mruko. Ili afanye hivyo lazima ubongo upewe habari kila kitambo kidogo: kichwa kinageukia wapi, kwa kasi gani. Habari hizo zinatoka kwenye sikio la ndani.

Sote tumewahi kulijaribu sikio hili utotoni. Unanyoosha mikono, unazunguka pale pale uwanjani, unazunguka, unazunguka, kisha unasimama ghafla. Wewe umesimama lakini dunia inaendelea kuzunguka, miguu inapepesuka, na mwenzako anakucheka mpaka zamu yake ifike. Ndani ya kila sikio kuna mirija 3 iliyopinda nusu duara, kila mmoja umeelekea upande wake, na ndani yake mna umajimaji. Kichwa kikigeuka, mrija unageuka nacho, lakini umajimaji unachelewa kidogo, kama maji kwenye beseni unapolizungusha ghafla. Kule kuchelewa kunasukuma kizibo laini kama jeli kilichoziba njia, na vinyweleo vya seli vilivyochomekwa ndani ya kizibo hicho vinapinda. Kupinda huko ndiko habari. Ukisimama ghafla baada ya kuzunguka sana, umajimaji bado uko safarini, na ubongo unaamini maji kuliko miguu. Kizunguzungu cha utotoni ni umajimaji uliochelewa kusimama.

Mfaransa Pierre Flourens ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1820, kwamba njiwa akikatwa mirija hii kichwa chake kinaanza kuyumba na kuzunguka kwa mwelekeo wa mrija uliokatwa. Aliyashangaa matokeo yake, maana enzi hizo sikio lilihesabiwa kuwa la kusikia tu. Ilichukua hadi miaka ya 1870 ndipo watu 3, Ernst Mach, Josef Breuer na Alexander Crum Brown, kila mmoja kwa njia yake, wakaeleza kwamba kinachopeleka habari ni mwendo wa umajimaji.

Kando ya mirija kuna viungo vingine vyenye vijiwe vidogo vya chokaa vilivyokalia jeli. Hivyo ndivyo vinavyokwambia chini ni wapi na kwamba daladala imeanza kuondoka hata ukifumba macho. Nimevitaja kwa sababu ya swali ambalo msomaji makini lazima aulize: kama chura-boga hana mizani, anajigeuzaje akilala chali? Kujua kwamba umelala chali si kazi ya mirija. Ni kazi ya vijiwe, na ya ngozi inayogusa ardhi. Mirija inahusika na mzunguko peke yake, na ni katika mzunguko ndipo chura huyu anapopotea.

Sasa basi, mirija yake ina nini? Fuvu lake lote lina milimita chache. Ukitaka kulipasua kwa kisu uone mrija ulio ndani yake, utauharibu mrija kabla hujauona. Njia ikawa mashine za CT za hali ya juu zilizotumika kwenye mradi wa makumbusho za Marekani uliokusudia kupiga picha za ndani za maelfu ya wanyama waliohifadhiwa kwenye chupa. Nawapenda watu wa makumbusho kwa jambo hili. Mtu aliweka chura kwenye spiriti miongo kadhaa iliyopita bila kujua nani atamhitaji, na leo picha zake zinajibu swali ambalo hakuliota. Watafiti walipima mirija ya spishi 147 za vyura, wakubwa kwa wadogo, wakazilinganisha.

Mirija ya vyura-boga ilikuwepo, imepinda inavyotakiwa. Ila ilikuwa midogo mno. Mirija ya vyura hawa waliopungua mwili ndiyo midogo kuliko yote iliyowahi kupimwa kwa wanyama wenye uti wa mgongo waliokwisha kukomaa. Na hapo ndipo baolojia inapolazimika kumwita daktari mwingine wa Kifaransa, Jean Poiseuille, ambaye katika miaka ya 1830 na 1840 alihangaika kujua damu inapitaje kwenye mishipa myembamba. Alichokigundua kinashangaza hata ukishakizoea. Ukipunguza upana wa bomba kuwa nusu, huku nguvu ya kusukuma ikibaki ile ile, kinachopita hakipungui kuwa nusu. Kinapungua kuwa sehemu 1 kati ya 16. Ukiupunguza kuwa theluthi, kinabaki sehemu 1 kati ya 81. Aliyewahi kujaribu kunywa uji kwa mrija wa soda analijua hili mdomoni mwake: mrija mnene unapitisha, mwembamba kidogo tu unakuachia mashavu yanayouma. Umajimaji ulio karibu na ukuta unaushika ukuta, na mrija ukiwa mwembamba kiasi cha kutosha, umajimaji wote uko karibu na ukuta.

Rudi kwenye sikio. Mirija ile inategemea umajimaji uchelewe kidogo nyuma ya ukuta. Katika mrija mwembamba kupita kiasi umajimaji hauchelewi. Ukuta unaushika na kuuburuta. Kichwa kinageuka, mrija unageuka, umajimaji unageuka navyo karibu kama kitu kimoja kigumu, kizibo hakisukumwi vya kutosha, vinyweleo havipindi. Chura anapinduka angani na sikio lake halina cha kusema. Hakuna seli iliyokufa na hakuna neva iliyokatika. Misuli ipo tayari, inasubiri agizo ambalo haliji, na nadhani ndiyo maana miguu yake inabaki imetanuka vile.

Nilisema nilikuwa na sababu ya kushuku jeni. Karne ya 19 walikuwepo panya wa kufugwa kutoka Japani waliopendwa kwa sababu walizunguka mduara siku nzima kama wanaocheza dansi. Walikuwa viziwi. Hawakuwa wakicheza, hawakuwa na mizani. Mabadiliko ya jeni yanayozaa panya wa namna hiyo yamefuatiliwa katika maabara nyingi, na mojawapo, la panya waitwao waltzer, lilipatikana mwaka 2001: ni kwenye jeni ya protini iitwayo kadherini 23. Protini hii, ikiungana na nduguye protokadherini 15, inafanya uzi mwembamba unaofunga ncha ya kinyweleo kimoja na jirani yake. Kinyweleo kikipinda uzi unavutika, mlango wa seli unafunguka, habari inaondoka. Uzi usipokuwepo, umajimaji unaweza kusukuma utakavyo, mlango haufunguki.

Mwaka ule ule ikajulikana kwamba jeni hiyo ikiharibika kwa binadamu inaleta aina mojawapo ya ugonjwa wa Usher. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hili si la vyura. Mtoto mwenye Usher wa aina ya 1 anazaliwa kiziwi kabisa, na mirija yake ya mizani haifanyi kazi. Anachelewa kukaa, anachelewa kutembea. Wengi hupita miezi 18 kabla ya kupiga hatua peke yao. Nyumbani watasema mtoto mvivu, au miguu dhaifu, au kuna mtu kamwangalia vibaya. Miguu ni mizima. Baadaye, kwa kawaida kabla ya kubalehe, macho yanaanza kushindwa gizani, na uwanja wa kuona unasinyaa taratibu kutoka pembeni. Mtoto huyo hapati habari masikioni, na anayategemea macho ili asimame. Giza likiingia anapoteza kuona na kusimama pamoja. Kiziwi anayechelewa kutembea anastahili kupimwa mizani mapema, wakati macho bado yanaona na kuna muda wa kumwandaa.

Kwa hiyo tuna panya, tuna mtoto, tuna chura. Wote 3 wanayumba. Kwa panya wa waltzer na kwa mtoto mwenye kadherini iliyoharibika, maagizo ya kujenga uzi ndiyo yenye kasoro. Mrija ni mpana wa kutosha na umajimaji unapita. Kwa chura-boga ni kinyume: umajimaji ndio unaokataa. Ukitaka kumsaidia panya unarekebisha jeni. Kwa chura hakuna pa kurekebisha, labda umkuze.

Kwa haki ya mjadala nitaje ushahidi unaoweza kunipinga. Mwaka 2017 Sandra Goutte na wenzake walionyesha kwamba vyura-boga wa spishi 2, B. ephippium na B. pitanga, hawasikii mlio wao wenyewe. Dume anaita, na hakuna anayemsikia, hata yeye. Sehemu ya sikio la ndani ambayo ingepokea sauti hizo za juu haikukomaa. Mtu anaweza kusema: si unaona, sikio lote limeoza, mizani ni sehemu ya uozo huo. Mimi sioni hivyo. Kwenye kusikia, kiungo chenyewe hakikujengwa kikamilifu. Kwenye mizani, kiungo kimejengwa, kina umbo lake, ila udogo wake ndio unaokizuia. Hizo ni hasara za namna 2 ndani ya sikio moja, na kuzichanganya kwa sababu ni jirani ni kosa lile lile nililolifanya mwanzoni.

Jeni zina sehemu yake hata hivyo. Umbo la mirija linatawaliwa na jeni, na tunajua baadhi. Panya aliyenyimwa jeni ya Otx1 anazaliwa na mirija 2 badala ya 3. Ule wa mlalo haupo. Na lampri, samaki yule asiye na taya mwenye mdomo wa kunyonya, ana mirija 2 siku zote, wa mlalo hana, na anaogelea salama. Mageuko ya viumbe yamekuwa yakiongeza, yakipunguza na kupinda mirija hii kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Nyangumi ni mfano wa ajabu zaidi: nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote, ana mirija midogo kuliko ya binadamu, na waliopima walipendekeza kwamba shingo yake fupi iliyokaza inafanya kichwa kitikiswe na kila mwendo wa mwili, basi mirija myepesi kuhisi ingemsumbua. Upande wa juu kuna nafasi ya kuchagua. Upande wa chini kuna sakafu, na sakafu hiyo haikuwekwa na jeni yoyote. Mwili wa chura uliendelea kupungua, mirija ikafuata, mpaka ikafika mahali Poiseuille anaposema basi.

Kwa nini basi mageuko hayakumwondoa chura asiyejua kutua? Maisha ya majani makavu yanalipa vizuri udogo. Kuna utitiri na vidudu vingi ambavyo mnyama mkubwa havimtoshi hata kwa kionjo. Unyevu upo, na mwili mdogo wenye ngozi laini unahitaji unyevu huo kuliko chochote. Vyura-boga hawahitaji hata bwawa. Mayai yao yanatoa vyura kamili, bila hatua ya kiluwiluwi. Udogo wa namna hii umejitokeza mara nyingi, kila mara peke yake, kwenye misitu ya mvua ya pande mbalimbali za dunia: Papua New Guinea yuko Paedophryne amauensis, aliyetangazwa mwaka 2012 akiwa na wastani wa milimita 7.7.

Kisha kuna gharama yenyewe ya kuanguka, ambayo kwa mwili wa sentimita moja ni kama hakuna. Tembo hawezi kuanguka kimo chake bila kuumia. Sisimizi anaanguka kutoka juu ya mnazi na kuendelea na safari. Chura-boga yuko karibu na sisimizi. Tena si mnyama wa kurukaruka: mwendo wake wa kila siku ni kutembea polepole, hatua kwa hatua, na katika mwendo huo hakosi kitu. Kuruka ni kwa dharura, na wakati wa dharura kutoka pale ulipokuwa kunatosha, hata ukifika chali. Na B. ephippium ana ngao nyingine: ngozi yake ina tetrodotoksini, sumu ile ile ya bunju, ambayo wavuvi wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa. Rangi ya boga si pambo.

Kuna wanaotaka kuona faida katika kubiringika kwenyewe, kwamba chura anayeanguka ovyo anafanana na jani lililodondoka na adui anampoteza. Huenda. Mimi sioni haja ya kuitafuta. Vipimo vya mirija vinatosha kueleza kwa nini anazunguka, na kukosekana kwa adhabu kunatosha kueleza kwa nini aliachwa.

Nimeitazama tena video moja jioni hii kabla ya kuandika. Anaruka, anapinduka, anagonga ardhi kwa kisogo, anatulia chali huku tumbo la njano likipanda na kushuka. Mguu mmoja unapapasa, unapata pa kushika. Anageuka. Kisha anaanza kutembea, mguu baada ya mguu, kichwa kimetulia kabisa.